Mafunzo ya vitendo katika tiba kazi

Mafunzo ya vitendo katika tiba kazi ni sehemu ya masomo ambayo mwanafunzi wa fani hiyo huifanya nje ya darasa, akiwa na wagonjwa halisi na chini ya msimamizi mwenye ujuzi. Hufanyika katika wodi, katika kliniki, shuleni na hasa nyumbani kwa mgonjwa. Makala hii inaeleza mafunzo hayo kwa kutazama mazingira ya kisiwa cha Unguja na mji wake wa kale, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani, na mengi ambayo mwanafunzi anapaswa kuyajua Unguja hayamo ndani yake.

Fani na jina lake

Tiba kazi ni fani ya afya inayomsaidia mtu aliyeugua, aliyeumia au aliyezaliwa na ulemavu aweze kufanya shughuli za maisha yake: kula, kuoga, kuvaa, kupika, kusoma, kufanya kazi, kusali, kucheza. Tanzania huitwa pia "tiba kwa vitendo". Jina hili la pili huwachanganya wengi, kwa kuwa "mafunzo kwa vitendo" ni maneno yanayotumika kwa masomo ya ufundi wowote. Kwa sababu hiyo makala hii inatumia "tiba kazi".

Fani hii huchanganywa mara nyingi na fiziotherapia, nazo kwa kweli hukaa jirani. Tofauti inaonekana vizuri kwa mfano. Mtu aliyevunjika mkono akipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mtaalamu huyo atashughulikia zaidi kiungo chenyewe: nguvu zake, mwendo wake, maumivu yake. Mtaalamu wa tiba kazi atauliza mkono huo ulikuwa ukifanya nini kabla haujavunjika. Mshona kofia, mvuvi na mwanafunzi wa darasa la tatu wanaweza kuwa na mvunjiko wa aina moja, lakini matibabu yao hayatafanana.

Chama cha kwanza cha fani hii kiliundwa Marekani Machi 1917, katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York. Mmoja wa waasisi wake, George Edward Barton, alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu na kupooza upande wa kushoto, akajirudisha katika hali ya kufanya kazi kwa useremala na bustani. Uingereza ilipata chuo chake cha kwanza mwaka 1930, pale daktari Elizabeth Casson alipoanzisha Dorset House mjini Bristol. Vita Kuu mbili za Dunia, zilizoacha maelfu ya vijana bila viungo, ndizo zilizoikuza fani hii haraka. Shirikisho lake la kimataifa, linalojulikana kwa kifupi WFOT, liliundwa mwaka 1952.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na kitu kinachofanana na tiba kazi hata kabla ya kuwa na wataalamu wake. Hospitali ya akili ya Lutindi, katika milima ya Usambara, inajulikana tangu zamani kwa kuwashughulisha wagonjwa kwa kilimo na kazi za mikono. Hata hivyo kumpa mgonjwa jembe hakutoshi kuitwa tiba. Kazi huwa tiba pale inapochaguliwa kwa ajili ya mtu fulani, kwa kusudi linalojulikana, na matokeo yake yakapimwa. Kuijua tofauti hiyo ndiko kiini cha mafunzo ya vitendo.

Saa elfu moja

WFOT inataka kila mwanafunzi afanye mafunzo ya vitendo kwa saa zisizopungua 1,000 kabla ya kuhitimu. Kwa wiki ya saa 40, hizo ni wiki 25, yaani karibu nusu mwaka. Saa za kutazama tu wengine wakifanya kazi hazifai kuwa sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Mwanafunzi anatakiwa amtathmini mgonjwa, apange matibabu, ayatekeleze, na ajibu maswali ya msimamizi kuhusu kila hatua. Anatakiwa pia akutane na watu wa umri tofauti na wenye matatizo tofauti: watoto na wazee, maradhi ya mwili na ya akili, walio hospitali na walio majumbani.

Tanzania kwa miaka mingi imetegemea chuo cha tiba kazi kilichopo katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo hapo kipo pia chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia, hivyo wanafunzi wa fani hizi mbili huonana na kujifunza kufanya kazi kwa pamoja. Kwa kijana wa Unguja, masomo hayo yana maana ya kuvuka bahari hadi Dar es Salaam na kusafiri kilomita zaidi ya 500 za barabara mpaka chini ya Kilimanjaro. Huko atajifunza kwa wagonjwa wanaolima migomba na kahawa, wanaoishi kwenye miteremko na kuvaa mavazi ya baridi. Atakaporudi kwao atalazimika kuyapima upya aliyojifunza. Hasara haipo hapo: aliyefundishwa kuitazama kazi ya Mchagga shambani anajua namna ya kuitazama kazi ya mama wa Jambiani kwenye mwani. Anachobeba ni njia ya kutazama.

Kwa upande mwingine, hospitali za Unguja, hasa Mnazi Mmoja, hupokea wanafunzi wa fani mbalimbali za afya kutoka Ulaya wanaokuja kwa wiki chache. Wengi huja na maarifa mazuri ya vitabuni lakini hawajui lugha. Katika tiba kazi hilo ni pungufu kubwa kuliko katika upasuaji, kwani nusu ya tathmini ni mazungumzo.

Kuichambua kazi: mfano wa nazi

Ujuzi wa kwanza anaotakiwa kuupata mwanafunzi ni kuichambua kazi, yaani kuipasua katika hatua zake na kujua kila hatua inahitaji nini mwilini na akilini. Darasani mfano unaopendwa ni kutengeneza kikombe cha chai. Unguja mfano bora zaidi ni nazi, kwa kuwa nyumba nyingi hutumia tui karibu kila siku, na mama asiyeweza kutia mkono katika mchuzi wake mara nyingi hujiona si mwenye nyumba tena.

Nazi kwanza hufuliwa kwenye kifuo. Hatua hii inataka uzito wa mwili wote, miguu iliyosimama imara na mikono miwili yenye nguvu. Mgonjwa aliyepooza upande mmoja hataiweza, wala hakuna sababu ya kumlazimisha, kwa kuwa nazi zilizofuliwa zinapatikana sokoni. Kisha nazi hupasuliwa. Mkono mmoja hushikilia, mwingine hupiga, na jicho hukadiria pigo. Mwenye ganzi ya mkono au asiyeona vizuri upande mmoja yumo hatarini hapa.

Inayofuata ni kukuna. Mkunaji huketi juu ya mbuzi, kiti kifupi chenye ulimi wa chuma wenye meno. Ili akae hapo bila kuanguka, lazima kiwiliwili chake kiwe na mizani, nyonga zikunjike sana, na magoti yavumilie. Mikono yote miwili hushika kifuu na kukizungusha huku viganja vikienda kushoto na kulia. Vidole huhisi pale nyama ilipokwisha na chuma kinapokaribia kifuu. Akili nayo ina kazi: kuendelea bila kuchoka, kusimama kwa wakati, kutosahau kwamba mbele kuna meno makali. Mwisho chicha hutiwa maji, na tui huchujwa kwa kifumbu, ambacho hukamuliwa kwa kukisokota. Kukamua huku kunahitaji mshiko wa nguvu wa mikono miwili inayokwenda kinyume.

Mwanafunzi aliyeandika haya yote kwenye daftari lake anaweza sasa kufanya mambo mawili. La kwanza, anajua ni wapi mgonjwa wake atakwama, hivyo anaweza kubadilisha hatua hiyo peke yake badala ya kumwondoa jikoni kabisa. Mbuzi inaweza kufungwa juu ya benchi ili mkunaji akae kwenye kiti cha kawaida. Kifumbu kinaweza kutundikwa ndoano upande mmoja, kikasokotwa kwa mkono mmoja. La pili, anaweza kuitumia kazi yenyewe kama dawa. Mgonjwa anayeanza kurudisha nguvu za vidole atakamua kifumbu kwa moyo zaidi kuliko atakavyobonyeza mpira wa mazoezi, kwa sababu mwisho wake kuna chakula cha watoto.

Kazi nyingine za kisiwani huchambuliwa kwa namna hiyo hiyo. Kusuka ukili kunahitaji kidole gumba na cha shahada kubana kwa ulaini huku mkono wa pili ukivuta kwa kipimo. Ni zoezi zuri baada ya jeraha la mkono, na linaweza kufanywa na mtu aliyelala kitandani. Kushona kofia ya viua kunataka macho na subira. Kilimo cha mwani, kilichoenea pwani ya mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, huwainamisha wanawake kwa saa nyingi ndani ya maji ya chumvi, na maumivu ya mgongo na mikono yanayotokana nacho hayatibiki kwa dawa peke yake bila kuangalia namna kamba zinavyofungwa na mizigo inavyobebwa.

Kipimo kisicho na sakafu

Ujuzi wa pili ni kutathmini. Moja ya vipimo vinavyotumika sana duniani ni kile cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965 na Florence Mahoney pamoja na Dorothea Barthel. Kina vipengele 10: kula, kuoga, usafi wa uso na nywele, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kutembea na kupanda ngazi. Alama huanzia 0 hadi 100. Ni kipimo kifupi na chenye manufaa, na mwanafunzi hukijua haraka.

Kasoro yake huonekana mgonjwa anaporudi nyumbani. Hakuna kipengele cha kuketi chini na kuinuka, wala cha kuchuchumaa. Mzee anaweza kupata alama 90 hospitali, kisha akafika kwake Makunduchi akashindwa kula na wenzake kwenye mkeka, akashindwa kutumia choo cha kuchuchumaa, na akaacha kwenda msikitini. Kwenye karatasi amepona. Msimamizi mwenye uzoefu humtaka mwanafunzi akitumie kipimo kama kilivyo, kwa ajili ya kulinganisha na kumbukumbu za hospitali nyingine, halafu amuulize mgonjwa swali lisilo na alama: siku yako ilikuwaje, tangu adhana ya alfajiri mpaka ulipolala? Jibu la swali hilo ndilo linalopanga matibabu.

Katika jamii yenye Waislamu wengi kama ya Unguja, jibu hilo litataja udhu na sala mara tano. Kutawadha kwa mkono mmoja ni kugumu kuliko inavyodhaniwa: mkono mzima unaweza kuuosha ule uliopooza, lakini nani atauosha mkono mzima mpaka kwenye kiwiko? Kopo halisaidii, kwa kuwa mkono unaolishika hauwezi kujimwagia wenyewe. Bomba husaidia, au kibuyu chirizi kinachoinamishwa kwa mguu, pamoja na kigoda imara cha kukalia. Kuhusu sala yenyewe, sheria ya dini inamruhusu asiyeweza kusimama asali akiwa ameketi, na asiyeweza kuketi asali akiwa amelala. Mwanafunzi asiye Mwislamu hana budi kulijua hili, na aliye Mwislamu hana budi kujua kwamba fatwa si kazi yake. Mwenye shaka apelekwe kwa sheikh wake. Kazi ya mwanafunzi ni kuhakikisha kwamba anayetaka kurudi kwenye rukuu na sijida anafundishwa kushuka na kuinuka bila kuanguka.

Mkono wa kulia

Jambo moja linastahili kuelezwa peke yake. Kiharusi kikimpiga mtu upande wa kulia, vitabu husema afundishwe kutumia mkono wa kushoto. Pwani hii mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, kupeana na kusalimiana, na wa kushoto ndio wa kujisafishia chooni. Mgonjwa aliyebaki na wa kushoto pekee analazimika kuutumia kwa yote mawili, tena mbele ya sinia ambayo watu wengine wanatia mikono yao. Wengine hukataa kula mbele ya wageni. Wengine hungoja walishwe, na familia kwa mapenzi huwalisha, mpaka uwezo mdogo uliobaki unapotea.

Mwanafunzi anayeona tu kwamba "mgonjwa hana ari" amekosea tathmini. Njia zipo kadhaa na huchaguliwa na mgonjwa mwenyewe: kijiko chenye mpini ulionenepeshwa kwa kitambaa au mpira ili mkono wa kulia dhaifu uweze kukishika, mkono wa kushoto kuusaidia wa kulia kuinuka mpaka mdomoni, sahani yake ya peke yake ndani ya duara lile lile la walaji, au mazungumzo na familia ili mzee wa nyumba aseme wazi kwamba mwenye udhuru hana lawama. Mara nyingi hili la mwisho hufanya kazi zaidi kuliko vifaa vyote.

Hapa pia mwanafunzi hujifunza kanuni ndogo zinazokaa mikononi maisha yote. Mwenye mkono uliopooza huvaa kwa kuanza na mkono mgonjwa na huvua kwa kuanza na mkono mzima. Anayeijaribu kanuni hii kwa kanzu nyembamba ataelewa kwa nini. Mkono mgonjwa hauvutwi wakati wa kumwinua mtu, kwani bega lililolegea huteguka kwa urahisi. Kazi yenye hatua nyingi inaweza kufundishwa kuanzia mwisho: mwalimu anafanya zote isipokuwa ile ya mwisho, mgonjwa anaimalizia, na kila siku anaongezewa hatua moja ya kabla yake. Hivyo kila somo huisha kwa kufaulu. Na kanuni ngumu kuliko zote kwa kijana aliyelelewa vizuri ni kuzuia mikono yake. Kumwona mtu wa umri wa bibi yake akihangaika dakika 5 na kifungo kimoja, asimsaidie, ni jambo linaloonekana kama utovu wa adabu. Mwanafunzi hufundishwa kueleza kwanza: "Bibi, nitakaa hapa karibu, lakini nataka uifanye wewe." Bila maelezo hayo jamaa wana haki ya kukasirika.

Kwenye nyumba za Mji Mkongwe

Ziara ya nyumbani ni sehemu ya mafunzo isiyoweza kubadilishwa na kitu kingine. Mji Mkongwe, uliowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zikibebwa na boriti za mikoko. Nyumba nyingi ni za ghorofa, ngazi zake ni za mwinuko mkali na vipago visivyolingana, na chini mara nyingi pana duka au ghala, hivyo mgonjwa anaishi juu. Milango mikubwa ya nakshi ina kizingiti kilichoinuka ambacho kiti cha magurudumu hakivuki. Vichochoro vingi ni vyembamba na gari la wagonjwa haliingii.

Mwanafunzi huja na futi, penseli na macho. Anapima upana wa milango, urefu wa vipago, kimo cha kitanda, umbali wa choo. Baada ya hapo hukutana na mambo mawili ambayo darasani hayakutajwa. Kwanza, ukuta wa matumbawe na chokaa haushiki skrubu kama ukuta wa zege. Fito ya kujishikilia ikifungwa ovyo itang'oka siku mtu anapoihitaji. Fundi anayezijua nyumba hizo lazima ashirikishwe, au fito ifungwe kwenye mbao na boriti. Pili, mabadiliko ya majengo yako chini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Mteremko wa saruji mbele ya mlango wa kale haujengwi kwa matakwa ya mtu mmoja. Mteremko wa mbao unaowekwa na kuondolewa huwa jawabu jepesi.

Wakati mwingine jawabu si kubadilisha jengo bali kubadilisha chumba. Mgonjwa hushushwa ghorofa ya chini, kwenye chumba kinachotazama baraza. Faida yake haiishii kwenye ngazi. Akiweza kuketi barazani, wapitao watamsalimia, atapata habari za mtaa, atacheza bao au karata, na uzee wake hautapita katika chumba cha giza. Kwa mtaalamu wa tiba kazi baraza ni kifaa cha tiba, na pengine hakuna kilicho rahisi kuliko hicho.

Nje ya mji hali ni nyingine. Nyumba za Jambiani au Nungwi hazina ngazi, lakini zina mchanga, na magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha hospitali huzama humo. Chumvi ya baharini nayo hula vyuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu unataja hatua nane za huduma, kuanzia rufaa na tathmini hadi kumfundisha mtumiaji na kumfuatilia baadaye. Kukabidhi kiti mbele ya kamera, kama inavyofanyika mara nyingi kwenye hafla za misaada, hakumo katika hatua hizo. Kiti kisichopimwa humletea mtu vidonda vya makalio, na vidonda hivyo vinaweza kuua.

Kutengeneza vifaa

Wanafunzi wengi hukumbuka zaidi siku walipotengeneza kifaa cha kwanza kwa mikono yao. Magango ya kisasa ya mkono hukatwa kwenye bamba la plastiki linalolainika kwa maji ya moto ya takriban nyuzi 65 hadi 70 za Selsiasi. Mtengenezaji ana dakika chache tu za kulifinyanga juu ya mkono wa mgonjwa kabla halijakauka. Kwa mkono ulioungua au kujeruhiwa, kifundo cha mkono huinuliwa kidogo, vifundo vya mwanzo vya vidole hukunjwa karibu nyuzi 70 na vidole vyenyewe hunyooshwa, ili mishipa isijikunje na kuganda vibaya. Bamba hilo ni ghali na huagizwa nje, na gango lililoachwa ndani ya gari juani hupoteza umbo lake. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa pia kutumia plasta ya hospitali, mabomba ya plastiki, ngozi na mbao.

Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo ipo njia iliyobuniwa na mwalimu Bevill Packer wa Zimbabwe: viti na meza za karatasi. Maboksi yaliyotupwa, ambayo hayakosekani Darajani, hupangwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa unga, hukaushwa, kisha hupakwa rangi. Kiti kikauke barabara ndipo kiwe kigumu, jambo linalohitaji siku nyingi zaidi wakati wa masika. Kipimo chake ni cha mtoto mmoja tu: nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjike pembe mraba, nyayo ziwe na pa kukanyaga, na meza ifike kwenye viwiko. Mtoto aliyekaa hivyo hutumia mikono yake, humwona mama yake usoni, na hulishwa kichwa kikiwa wima. Kulishwa akiwa amelazwa, kichwa nyuma, ni hatari, kwa kuwa chakula huweza kuingia kwenye mapafu. Mwanafunzi akimfundisha mama mmoja jambo hili peke yake, huenda ameokoa maisha.

Afya ya akili

Hospitali ya akili ya Zanzibar ni Kidongo Chekundu, mjini Unguja. Mafunzo katika hospitali za aina hiyo hayana magango wala fito, na baadhi ya wanafunzi huyaona hayana kazi ya kufanya. Ujuzi wake ni wa namna nyingine: kuongoza kikundi cha watu wanane ambao watatu hawataki kusema, kumrudishia mtu utaratibu wa siku uliovurugika, kujua ni lini bustani inamfaa mgonjwa na lini jembe ni hatari, kumwandaa kijana aliyeacha dawa za kulevya kwa siku ya kwanza atakayorudi maskani kwake. Kutunza siri ni sehemu ya mafunzo hayo. Kisiwani habari hupita haraka, na msichana aliyeonekana na mwanafunzi ndani ya hospitali hiyo anaweza kupoteza posa kwa neno moja.

Familia nyingi hueleza maradhi ya akili, na hata kiharusi, kwa lugha ya upepo na mashetani, na huenda zilianzia kwa mganga. Mwanafunzi hafundishwi kubishana. Anafundishwa kuuliza, kusikiliza, na kueleza kazi yake ili familia isione kwamba lazima ichague moja na kuacha jingine.

Kuandika na kusema

Masomo hufanyika kwa Kiingereza, na kumbukumbu za mgonjwa huandikwa kwa Kiingereza. Mgonjwa anasema Kiunguja, lahaja ambayo Kiswahili sanifu kilijengwa juu yake katika miaka ya 1930. Kwa hiyo mwanafunzi hufanya kazi ya kutafsiri kila siku, huku akijipambanua vibaya kama hajui maneno ya mwili na ya nyumba. "Mkono umekufa" si sawa na "mkono una ganzi", wala "unakaza" si sawa na "unauma". Anayeandika neno moja kwa yote manne atatibu lisilokuwepo. Kila mwisho wa siku mwanafunzi huandika alichoambiwa na mgonjwa, alichokiona mwenyewe, anavyokielewa na atakalofanya kesho. Mambo hayo manne hutenganishwa, ili mtu mwingine akisoma ajue kipi ni ushahidi na kipi ni maoni.

Vijijini

Wataalamu wa tiba kazi Tanzania ni wachache, na wengi wao wako kwenye hospitali kubwa. Ndiyo maana sehemu ya mafunzo hufanyika katika utaratibu wa utengamao katika jamii, uliopata nguvu duniani baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi. Zanzibar utaratibu huu unajulikana kupitia kazi za Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar (UWZ), uliopata kuungwa mkono na chama cha watu wenye ulemavu cha Norway. Mtu wa kijiji hicho hicho hufundishwa mbinu za msingi, naye hupita nyumba kwa nyumba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 26 kinazitaka nchi kuandaa huduma za utengamao karibu na watu, vijijini pia.

Katika mpango huo mwanafunzi hubadilika kuwa mwalimu. Anatakiwa amfundishe mfanyakazi wa jamii, mama mzazi au ndugu wa mgonjwa namna ya kufanya lile ambalo yeye alilijifunza kwa miaka mitatu, kwa maneno machache na kwa kuonyesha. Msimamizi humpima kwa namna moja tu: humwomba aondoke chumbani, kisha humtazama mama akimkalisha mtoto wake.